Beni: Si kila kichwa kinachouma ni malaria

Katika vituo vya afya vya Oicha, Mavivi na mji wa Beni, mtu akiingia na kusema kichwa kinamuuma, mwili umelegea na anatapika, jambo la kwanza linalofikiriwa ni malaria. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Muuguzi mwenye foleni ya akina mama na watoto mlangoni hawezi kulaumiwa kwa kuanza na ugonjwa anaoukuta kila siku. Lakini upo ugonjwa mwingine unaokuja polepole na kujificha nyuma ya malaria kwa miezi, hata mwaka: uvimbe unaoota ndani ya ubongo. Si wa watu wengi. Muuguzi wa kituo kidogo anaweza kufanya kazi miaka mingi akakutana nao mara moja au mbili, na kwa sababu hiyo hiyo ni rahisi kuupita bila kuuona.

Kwa familia zilizohama vijiji ugumu unaongezeka. Ugonjwa huu haujulikani kwa siku moja. Unajulikana kwa kulinganisha: mwezi uliopita alikuwaje, mwezi huu yukoje. Vita hukata huo uzi. Mtu anatibiwa Eringeti, anakimbilia Oicha, kutoka Oicha anateremka Beni, na kila anapofika anaandikiwa fishi mpya kana kwamba ameanza kuumwa asubuhi ile.

Ndivyo ilivyompata mama mmoja wa watoto watano, mzaliwa wa upande wa Eringeti, ambaye familia yake imeomba jina lisitajwe. Alikuwa na shamba la kakao na afya ya mtu wa shamba. Kichwa kilianza kumuuma wakati wa mavuno, akadhani ni jua na mzigo. Baadaye waasi walishambulia kijiji jirani, familia ikatoka usiku na mikeka miwili. Fishi ya kwanza ilibaki nyumbani. Ya pili ilipotea Oicha, kwenye mfuko wa jirani aliyepanda gari lingine. Katika miezi tisa alitibiwa malaria mara sita, katika vituo vinne, na hakuna hata kituo kimoja kilichojua kwamba vingine vitatu vilikwisha kumpa dawa ile ile.

Kipimo kilikuwa kinasema malaria ipo, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Mtu mzima aliyeishi miaka yote katika nchi yenye mbu anaweza kuwa na vimelea vya malaria katika damu bila malaria kuwa ndiyo inayomuumiza. Tena kile kipimo cha haraka, cha tone la damu kwenye kibao cha plastiki, kinaweza kuendelea kuonyesha mstari kwa wiki kadhaa baada ya dawa kumaliza kazi yake. Kwa hiyo jibu la "ndiyo, malaria" linaweza kuwa kweli, na bado sababu ya kichwa kuuma ikawa kitu kingine kabisa. Alama ya kutazama ni hii: mgonjwa amemaliza dawa vizuri, homa hana, na kichwa kinarudi vile vile au kimezidi.

Kuna swali ambalo hakuulizwa muda mrefu. Siku alipoulizwa, ilikuwa Beni, na aliyeuliza alikuwa muuguzi mzee wa zamu ya asubuhi.

"Mama, hiki kichwa kinakuuma saa ngapi?"

"Asubuhi, dokta. Kinaniamsha. Nikitapika kinapoa kidogo. Mchana naweza hata kulima."

Kichwa cha kawaida, cha uchovu, njaa au mawazo, mara nyingi huja mchana na jioni, na mtu akilala anapumzika. Kichwa cha uvimbe, ingawa si kwa kila mgonjwa, hupenda alfajiri. Sababu yake si ya ajabu. Gunia la kakao likijaa unaweza kulipiga na kulisukuma, litatanuka kidogo na kupokea kilo nyingine mbili. Mfupa wa kichwa cha mtu mzima hautanuki. Ndani yake mna ubongo, damu na maji, na kila kimoja kina nafasi yake. Kitu kipya kikianza kukua humo, msukumo unaongezeka, na mtu akilala chali usiku kucha unaongezeka zaidi. Ndiyo maana anaamka na maumivu, anatapika bila kuharisha na bila kuumwa tumbo, na maumivu yanapanda akikohoa, akiinama kufunga kamba ya kiatu au akijikaza chooni.

Kutapika kwenyewe kulikuwa na historia yake hapa Beni. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikitokea upande wa Mangina, hadi ilipomalizika Juni 2020, mtu mwenye kichwa na matapishi aliogopa kwenda hospitalini asije akapelekwa kwenye mahema ya kutengwa. Watu zaidi ya 2,200 walikufa katika mlipuko ule. Woga ule haukuisha na ugonjwa. Mama huyu alikiri kwamba mara mbili aliacha kusema kuwa anatapika, akasema kichwa tu.

Baada ya kichwa ukaja mkono. Vidole vya mkono wa kulia vilianza kucheza peke yake, dakika moja au mbili, kisha mdomo ukavutwa upande, na kwa muda alishindwa kutoa neno ingawa alisikia kila kitu. Mara ya tatu akaanguka karibu na mafiga, sufuria ya sombe ikammwagikia mkononi. Watoto walisimama mbali wakilia. Walikuwa wamefundishwa kwamba mate ya mwenye kifafa yanaambukiza. Hayaambukizi. Mtu akianguka hivyo, aondolewe penye moto na mawe, alazwe kwa ubavu, nguo ya shingoni ilegezwe, na asitiwe kitu mdomoni, si kijiko, si kidole. Kifafa kinachoanza ukubwani, kwa mtu ambaye hakuwa nacho tangu utoto, ni alama ya kutafutiwa sababu, hasa kikianzia upande mmoja wa mwili.

Lakini kwenye eneo la wahami kifafa hakikutafutiwa sababu hospitalini. Kilitafutiwa mtu. Mjane mmoja aliyekuwa na kibanda cha tatu kutoka pale, mgeni asiye na ukoo wa kumtetea, aliwahi kugombana na mama huyu juu ya zamu ya bomba la maji. Hiyo ilitosha. Katika chumba kimoja cha maombi mgonjwa aliambiwa afunge siku tatu bila chakula wala maji, na jina la mjane likatamkwa mbele ya watu. Wiki ile ile vijana walimwambia mjane afungashe. Aliondoka na wajukuu wawili.

Kuomba hakumzuii mtu kupona, na wachungaji wengi wa Beni huwaambia waumini wao waombe na waende hospitali. Kinachoua ni kuambiwa mgonjwa aache dawa, na mgonjwa aliyetapika asubuhi kunyimwa maji.

Ubongo una sehemu nyingi na kila sehemu ina kazi yake, kwa hiyo uvimbe unazungumza kwa lugha ya mahali ulipokaa. Kwa watu wengi upande wa kushoto unaongoza maneno na mkono wa kulia. Ukikaa mbele, nyuma ya paji la uso, unaweza kubadilisha tabia: baba mpole anakuwa mkali bila sababu, anacheka msibani, anasahau kujisitiri, hajali tena watoto. Huyo ataitwa mlevi au kichaa, na katika kambi ataambiwa ni mawazo ya vita. Mawazo ya vita yapo, na watu wanaumwa kweli kwa yale waliyoyaona. Ila mtu anayebadilika tabia hatua kwa hatua, tena na kichwa cha asubuhi au udhaifu wa upande mmoja, asimamishwe mbele ya daktari kabla ya kuhesabiwa hivyo.

Ukikaa nyuma, juu ya shingo, unaharibu mizani ya mwili. Watoto hupatwa sana na wa namna hii. Mtoto anatapika kila asubuhi kabla ya shule, anatembea kama aliyekunywa pombe, anainamisha kichwa upande mmoja, mwandiko wake unaharibika. Kwa mtoto mchanga ambaye mifupa ya kichwa haijashikana, kichwa chenyewe kinakua haraka kuliko mwili, utosi unavimba, macho yanatazama chini muda wote. Wengi wa hao wachanga hawana uvimbe, wana maji yaliyozuiwa njia ndani ya kichwa, mara nyingi baada ya ugonjwa wa kuambukiza. Mbale, mashariki mwa Uganda, ipo hospitali ya watoto ya CURE ambayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imepasua watoto wengi sana wa aina hiyo. Huko ndiko ilikokuzwa njia ya kufungulia maji hayo tundu ndani ya ubongo kwa kamera ndogo, ili watoto wengi wasihitaji mpira wa kudumu wa kuyashusha tumboni. Mtoto wa kichwa kikubwa si laana, na kila wiki anayocheleweshwa inakula akili yake.

Upo pia uvimbe mdogo wa chini kabisa ya ubongo, kwenye tezi inayoongoza homoni. Mwanamke anaacha kuona siku zake bila mimba, au maziwa yanamtoka wakati hanyonyeshi, na macho yanapoteza pembeni kwanza: anaona aliye mbele, hamwoni anayekuja kwa ubavu. Wanawake kadhaa wameachwa na waume kwa jina la utasa, na baadhi ya hao walikuwa na ugonjwa ambao mara nyingi hutulizwa kwa vidonge tu. Na ule wa kwenye mshipa wa sikio huanza kwa kuziba sikio moja na mlio usiokwisha.

Macho ndiyo yaliyomwokoa mama wa Eringeti, kadiri alivyookolewa. Alianza kuona giza la sekunde chache kila alipoinuka kutoka kwenye mkeka. Kisha akawa anagonga nguzo ya hema. Familia ikaona anahitaji miwani. Kaka yake mkubwa akampeleka kwa muuguzi wa macho, na muuguzi yule, kabla ya kumpa miwani yoyote, akachukua kitochi chake na kumwangalia ndani ya jicho. Nyuma ya jicho kuna mahali mshipa wa kuona unapoingia, na mshipa huo umefunikwa na ngozi ile ile inayofunika ubongo. Msukumo ukipanda kichwani, mahali pale panavimba, na anayejua kutazama anauona uvimbe huo bila skana, bila umeme, kwa kitochi kinachotumia betri mbili. Muuguzi akaandika barua, akapiga mstari chini ya neno "haraka".

Hakuna kipimo cha bei nafuu zaidi ya hicho, na hakiombwi inavyostahili. Mtu mwenye kichwa cha wiki nyingi anaweza kuuliza mwenyewe, kwa heshima: "Dokta, naomba uniangalie nyuma ya macho." Inafaa hasa kabla ya kuchomwa sindano ya mgongo ya kutafuta ugonjwa wa uti wa mgongo, kwa sababu palipo na uvimbe mkubwa kutoa maji yale kunaweza kuufanya ubongo ushuke na kujibana, na mgonjwa akafa. Waganga wanalijua jambo hilo. Ila wanahitaji kuambiwa kwamba kichwa kina miezi tisa, si siku mbili.

Hospitalini alianzishiwa dawa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kuzuia kifafa. Ya pili ilikuwa deksametazone, ambayo haiondoi uvimbe wenyewe bali inapunguza maji yaliyojaa kuuzunguka. Siku ya tatu aliamka bila kichwa, akaomba chai na mkate, na ndugu wakasema amepona. Hapo daktari alikuwa mkali, na alifanya vizuri. Dawa hiyo inanunua siku tu. Tena vidonge hivyo ndivyo vile vinavyouzwa sokoni kwa wanaotaka kunenepa, na si vya kuchezewa: vinapandisha sukari, vinaumiza tumbo, vinalegeza kinga ya mwili, na aliyevinywa wiki nyingi akiviacha ghafula anaweza kuanguka na kufa. Vinapunguzwa hatua kwa hatua, kwa maandishi ya daktari.

Ilibaki skana. Skana ya kichwa ni kama picha nyingi za miale zinazokata kichwa vipande vyembamba kama mkate. Mgonjwa anachomwa dawa katika mshipa ili uvimbe ung'ae. Mashine ya sumaku, inayoitwa IRM, inaona zaidi, lakini ni ghali na iko mbali zaidi. Picha haitoshi kila mara. Jina kamili la uvimbe hupatikana pale kipande chake kinapotolewa na kutazamwa kwa darubini.

Familia nyingi husema, kwa nini tutumie pesa za skana ili tuambiwe kwamba atakufa? Hesabu hiyo ni mbaya, na hapa ni mbaya kuliko mahali pengine. Katika nchi yetu vitu kadhaa huota kichwani vikafanana na uvimbe na kumbe vinatibiwa kwa dawa: mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyofika kwenye ubongo, kifua kikuu kilichojikusanya huko, usaha uliotoka kwenye sikio bovu la siku nyingi, na vidonda vinavyowapata wenye virusi vya ukimwi wasiotumia dawa. Na hata ukiwa uvimbe kweli, si kila uvimbe ni kansa. Ule unaoota kwenye ngozi inayofunika ubongo, ambao huwapata wanawake kuliko wanaume, kwa sehemu kubwa si kansa. Unakua taratibu kwa miaka, unasukuma ubongo bila kuula, na ukitolewa wote wengi huishi miaka yao. Ndio aliokuwa nao mama huyu. Kwenye picha ulionekana kama yai la kuku, mweupe, upande wa kushoto.

Safari ya kuitafuta picha hiyo na kisu cha kuutoa ilichukua miezi miwili. Sehemu kubwa ya miezi hiyo haikuwa ya udaktari. Kadi yake ya kupigia kura, ambayo kwa Wakongomani wengi ndiyo kitambulisho, iliungua na nyumba. Ilibidi kwanza apate karatasi ya ushahidi kwamba amepoteza vitambulisho, ndipo atafute karatasi ya kuvuka mpaka. Barabara ya Beni hadi Kasindi, kama kilomita 80, husimama kila panapotokea shambulio, na siku ya kwanza gari lilirudi. Kuanzia Mpondwe, ng'ambo ya mpaka, bado ni kilomita zipatazo 400 hadi Kampala. Pesa zilitoka pande tatu: likelemba ya wanawake wa kakao, waliomruka mtu wa zamu ili yeye apokee kwanza, sadaka ya kanisa, na kiwanja cha kaka mkubwa. Mke wa kaka huyo hakufurahi, na hilo nalo lisemwe. Kiwanja kilikuwa cha watoto wake.

Hospitali ya Mulago iko Kampala, na karibu yake ipo Taasisi ya Kansa ya Uganda, iliyoanza mwaka 1967. Familia za Beni na Bunia huelekea huko kwa sababu ya barabara. Za Goma na Bukavu hutazama zaidi Kigali, ambako matibabu ya miale yalianza mwaka 2019 katika hospitali ya kijeshi ya Kanombe. Kabla ya kuondoka, inafaa ndugu apige simu kuuliza kama mashine inafanya kazi. Mwaka 2016 mashine pekee ya miale ya Uganda iliharibika, na mpya ilizinduliwa Januari 2018. Watu waliosafiri katikati ya miaka hiyo walirudi na risiti za basi.

Alipasuliwa. Mfupa ulifunguliwa kama kifuniko, uvimbe ukatolewa vipande vipande, mfupa ukarudishwa. Wengi wanaogopa kupasuliwa kichwa kuliko kufa. Ubongo wenyewe hauna maumivu. Kinachouma ni ngozi na mfupa, na kwa hivyo kuna usingizi wa dawa. Hatari zipo: damu, kuambukizwa, mkono kulegea, maneno kupotea. Kwake maneno yalirudi baada ya wiki tatu. Kiswahili kilitangulia, Kinande kikafuata, na familia inacheka mpaka leo kwamba lugha ya mama yake ndiyo iliyochelewa. Jicho la kushoto linaona. La kulia halioni na halitaona tena. Mshipa wa jicho ukishakufa kwa kubanwa, hata kisu kizuri namna gani hakiufufui. Angetazamwa kwa kitochi katika kituo cha pili badala ya cha nne, pengine angekuwa na macho mawili.

Si wote wanaorudi hivyo. Kijana mmoja dereva wa piki wa hapa mjini, mwenye umri wa miaka 31, alikwenda njia ile ile ndani ya wiki tano tu tangu alipoanza kuumwa, kwa sababu mkono ulimlegea akaangusha abiria. Wake ulikuwa kansa ya ubongo wenyewe, ile mbaya kuliko zote, ambayo inapenyeza mizizi ndani ya ubongo hata mpasuaji hajui inaishia wapi. Hata katika nchi tajiri, pamoja na kisu, miale na vidonge vya kansa, nusu ya wagonjwa wa aina hiyo hufa kabla au karibu na mwezi wa 15. Daktari wa Kampala aliwaambia ukweli, kwa upole, akiwa ameketi. Familia ilikuwa tayari kuuza nyumba. Mama yake alimuuliza kijana mwenyewe, na kijana akasema arudishwe nyumbani. Alirudi na deksametazone, dawa ya kifafa na dawa ya maumivu, akaishi miezi minne kati ya watu wake, na nyumba ipo. Wapo waliosema wazazi wamemtupa. Hawakumtupa. Kuna wakati ambapo kumtibu mtu ni kumtuliza asiumie, kumgeuza asipate vidonda mgongoni, na kuwa naye.

Watu wanauliza ugonjwa huu unatoka wapi. Wengine wanataja simu, wengine milio ya bunduki, wengine pigo la rungu la zamani. Kwa wagonjwa walio wengi sababu haijulikani kwa sayansi. Kinachojulikana ni kwamba miale mingi iliyopigwa kichwani inaweza kuuleta, kwamba familia chache hurithi mwelekeo wa kuupata, na kwamba kansa za mahali pengine, kama ya ziwa au ya pafu, huweza kusafiri hadi kwenye ubongo. Mwanamke aliyewahi kutibiwa ziwa akianza kichwa cha asubuhi, aeleze habari ya ziwa lake siku ile ile. Hauambukizi. Hautumwi na mtu.

Baada ya kurudi, kaka mkubwa alichukua picha ya skana mpaka kwa kiongozi wa eneo la wahami, akaiinua kwenye jua, na wale vijana waliomfukuza mjane wakaitwa waangalie. Wawili walikuja. Mmoja akauliza kama mchawi hawezi kutuma yai. Kiongozi akamjibu kwamba mpasuaji amelitoa yai hilo bila kumuuliza mtu yeyote jina, na mazungumzo yakaishia hapo.

Siku hizi mama anakaa kwa kaka yake, anachagua mbegu za kakao kwa mikono, anazijua mbovu kwa kuzigusa. Fishi zake zote, barua ya muuguzi wa macho, karatasi za Kampala na ratiba ya dawa ziko katika mfuko wa plastiki unaoning'inia juu ya mlango, na mtoto wa kwanza anajua kwamba wakikimbia tena, mfuko huo unatoka kabla ya sufuria. Picha za karatasi hizo ziko pia katika simu ya shangazi yao aliye Butembo. Dawa ya kifafa lazima inywewe kila siku, hata siku anazojisikia mzima. Mwezi uliopita ilikosekana kwenye duka la dawa kwa siku tano, na vidole vya mkono wa kulia vikacheza tena.

Mjane aliyefukuzwa alisikika yuko upande wa Mavivi. Mama alimtuma binti yake ampelekee chumvi na kipande cha sabuni. Mjane alivipokea, akamuuliza binti kama mama yake anaona, akamrudisha na ndizi. Kwenye kibanda chake cha zamani hajarudi.